Goti Linataka Kazi

Ukitaka kujua goti la mtu wa Garissa limemsumbua kwa muda gani, tazama ngozi yake. Wengi wanaoingia katika chumba ninachofanyia kazi ya fiziotherapia wana alama za moto kuzunguka goti: madoa meusi ya mviringo, matatu au manne, yaliyochomwa na mzee mjuzi kwa kijiti chenye kaa. Wengine wanazo kiunoni, kushoto na kulia kwa uti wa mgongo, na kati ya madoa hayo mna mikwaruzo ya wembe wa hijama. Kisha mama hufungua mkoba wake akatoa mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Ndani mna tembe za rangi tatu zisizo na jina, tyubu ya dawa ya kuchua iliyokamuliwa hadi mwisho, na picha kubwa ya MRI iliyopigwa Nairobi, mwendo wa kilomita 370 hivi kwa basi. Pesa nyingi zimekwenda hapo. Mbuzi wameuzwa.

Mtu huyu ameshachomwa, amechanjwa, amechuliwa na kudungwa sindano. Jambo moja tu hajaambiwa: kwamba goti hilo linataka kufanya kazi. Ameambiwa kinyume chake. "Pumzika, habo (shangazi), mafuta ya goti yamekwisha." Naye akapumzika. Watoto wakamletea chai pale pale alipoketi, wajukuu wakamtekea maji, tuktuk ikamfuata mlangoni hata kwa safari ya duka la jirani. Baada ya mwaka wa mapumziko hayo, kuinuka kutoka mkekani kunahitaji mikono miwili ya mtu mwingine.

Hilo linaniuma. Nimezaliwa ng'ambo ya daraja la Tana, upande wa Madogo, na kazi yangu yote nimeifanya upande huu wa Garissa. Maumivu mengi ya goti na mgongo ninayoyaona hapa yanatulizika, na dawa yake kubwa haiuzwi dukani.

Tuanze na hayo mafuta ya goti yanayosemwa yamekwisha. Ncha za mifupa inayokutana gotini zimefunikwa na gegedu, tabaka laini, jeupe, lisilo na mishipa ya damu hata mmoja. Kwa kuwa damu haifiki, gegedu hupata chakula chake kutoka kwenye ute ulio ndani ya goti. Uzito unapolibana na kuliachia, ute huingia na kutoka, kama sifongo inayokamuliwa na kuachiwa ndani ya beseni la maji. Mtu akitembea, gegedu linakula. Akikaa kutwa, linashinda na njaa. Ute wenyewe haujaisha. Goti lililovimba huwa na ute mwingi kupita kiasi. Na ile supu ya mifupa wanayonyweshwa wagonjwa asubuhi hadi jioni ni chakula kizuri, hasa mafuta ya juu yakienguliwa, lakini tumbo huisaga kama linavyosaga nyama yoyote. Haina njia ya mkato ya kwenda gotini.

Linalobeba goti ni paja. Msuli mkubwa wa mbele ya paja ukiwa na nguvu, hupokea kishindo cha kila hatua kabla hakijafika kwenye mfupa. Msuli huo hunyauka upesi mno ukiachwa bila kazi, na goti linapouma mtu hulionea huruma, msuli ukazidi kunyauka, goti likazidi kuuma. Mduara huo ndio ninaojaribu kuukata, na chombo changu ni kiti cha plastiki.

Kiegemeze kiti ukutani kisiteleze. Weka juu yake mto mgumu au mablanketi mawili yaliyokunjwa, ili uketi juu zaidi. Nyayo zako zirudi nyuma kidogo ya magoti, zikiachana kwa upana wa mabega. Inama mbele mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu, kisha simama. Ukishindwa, shika meza iliyo mbele yako, si mkono wa mjukuu. Sasa shuka, na hapa ndipo penye kazi: hesabu hadi tatu kwa Kisomali, kowa, labo, sadeh, ndipo makalio yaguse kiti. Anayejiachia akaanguka kitini hajafanya zoezi bado. Fanya mara tano, pumua, rudia mara tano. Baada ya wiki mbili tatu ondoa blanketi moja.

Lini? Adhana imeshakupangia ratiba. Kila baada ya sala, kabla hujakunja msala. Nimeona hii ndiyo njia pekee inayodumu, kwa sababu mama mwenye watoto tisa na kibanda cha maziwa hawezi kutafuta saa ya mazoezi, ila sala haimpiti.

"Lakini linauma nikisimama, walaal (ndugu)," wataniambia. Najua linauma. Kipimo ninachowapa ni hiki: maumivu yakiongezeka kidogo wakati wa zoezi, kisha kesho yake asubuhi yamerudi palepale yalipokuwa, endelea. Yakibaki juu mpaka kesho, punguza idadi, usiache. Kuuma kwa goti lililokaa bure si dalili kwamba linavunjika. Habo mmoja wa Bulla Iftin alikuja akiwa na hakika kwamba kila mlio wa "krak" ndani ya goti ulikuwa mfupa unaokatika, na kwa hofu hiyo alikuwa ameacha hata kwenda arusini. Mlio usio na maumivu wala uvimbe hauna ubaya. Alipoelewa hivyo uso wake ulilegea kabla goti halijafanya lolote.

Sasa chakula, na hapa nitasema wazi kwa sababu nawapenda watu hawa na mezani pao nimekula.

Chakula cha malishoni hakikuwa na kosa. Mama wa kuhamahama alikunywa maziwa ya ngamia, akala nyama siku ikipatikana, akatembea masafa kwenda kisimani, akabomoa mwenyewe aqal, nyumba yake ya kuhamishika, akaipakia juu ya ngamia na kuisimamisha upya mahali pengine. Mwili ulikula na mwili ukafanya kazi. Kisha mvua zikagoma. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 misimu mitano mfululizo ilipita bila mvua ya kutosha, mifugo ikafa kwa wingi, na familia nyingi zikahamia pembezoni mwa miji, kwenye mitaa tunayoiita bulla. Mtu amefika mjini na tumbo la malishoni, lakini maji yanamjia kwa mkokoteni wa punda, nyumba haihamishwi tena, na chakula cha bei nafuu ni mchele mweupe, baasto (tambi), anjera iliyorowa mafuta, na sukari. Hasa sukari.

Hesabu nayo. Kijiko kidogo kilichojaa kina gramu nne hadi tano. Chai yetu hapa hutiwa vijiko vitatu au vinne, na kwa joto hili bado tunakunywa vikombe vitano kwa siku, kwa kuwa hakuna mgeni anayeagana bila chai. Hiyo ni gramu 60 hadi 100 za sukari kabla hujahesabu soda ya arusini, halwa na sharubati. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 50 hivi kwa siku, na akiweza abaki kwenye 25. Sukari hiyo hugeuka mafuta mwilini, na goti ndilo linaloyabeba. Watafiti wa Marekani walipima jambo hili kwa wazee wenye magoti yaliyochakaa, wakachapisha matokeo mwaka 2005: kila kilo moja inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa kilo nne kwa kila hatua. Punguza kilo tano, na kila ukinyanyua mguu goti limetua kilo ishirini, yaani mtungi mzima wa maji. Katika mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts, wanawake waliopungua kilo tano hivi katika miaka kumi walipunguza kwa zaidi ya nusu uwezekano wa kupata ugonjwa huu wa goti. Matokeo hayo yalitoka 1992, na mpaka leo sijapata habari njema zaidi ya kumpa mgonjwa.

Sisemi acheni chai. Nasema ondoa nusu kijiko kila wiki, taratibu, ulimi hautagundua. Ongeza hiliki, mdalasini na tangawizi. Tengenezeni chai isiyo na sukari kwenye chupa, kila mtu ajitilie mwenyewe kikombeni, badala ya kuipika na sukari humo humo na kumlazimisha mgonjwa anywe ya wote. Badiliko hilo moja la jikoni limefanya kazi kubwa kuliko mihadhara yangu.

Kwenye sahani, wali upungue na kitoweo cha ndengu au kunde kiongezeke. Mashamba ya ukingoni mwa Tana yanatuletea ndizi, maembe, mapapai, matikiti na nyanya, na vyote hivyo vinauzwa sokoni kwa bei ambayo mtu wa Wajir au Mandera angetuonea wivu. Mboga za majani wengi wetu bado tunaziona chakula cha mbuzi. Hapo nabishana na wazee kila wiki, na nitaendelea kubishana.

Wanaume wana lao. Mzee wa soko la mifugo akiniambia kidole gumba cha mguu, au goti, limewaka usiku mmoja tu hata shuka haivumiliki juu yake, nashuku jongo. Asidi ya yuriki huzidi kwenye damu na kuganda kama vichembe vikali ndani ya kiungo. Maini, figo na nyama nyingi kila siku huchangia, soda nazo pia, na kukosa maji kwenye jua la nyuzi 37 huharakisha. Huyo mazoezi yangu hayamfai siku hiyo. Anahitaji daktari na kipimo cha damu, na maji mengi.

Kuna ugonjwa mwingine ambao kila mfugaji wa kaskazini anapaswa kuujua kwa jina: brusela. Unatoka kwa ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo, na njia yake kubwa ni maziwa mabichi. Mtu huanza na homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, uchovu, kisha maumivu ya viungo na sana sana ya kiuno, pale uti wa mgongo unapokutana na nyonga. Huonekana kama malaria isiyosikia dawa, au kama mgongo wa uzee kwa kijana wa miaka 25. Nikipokea mchungaji kijana mwenye mgongo unaouma na homa za jioni, simgusi kwa zoezi lolote kabla hajapimwa damu. Tiba ipo. Ni dawa mbili za pamoja kwa muda usiopungua wiki sita, na mgongo ukiwa umeingiliwa huchukua muda mrefu zaidi. Wengi huacha wiki ya pili homa inapotulia, na ugonjwa unarudi.

Maziwa ya ngamia nayapenda na sitaki mtu ayaache. Yana kalsiamu, yana protini, na mifupa inayahitaji. Lakini yachemshwe. Susa nayo, yaani maziwa ya ngamia yaliyochachuka, kuchachuka peke yake si kinga ya kutegemea. Wazee hulalamika kwamba maziwa yakichemshwa yanapoteza ladha ya moshi wa chombo. Ipo njia: chemsha kwanza yafure, yapoe, ndipo uyamimine kwenye chombo kilichofukizwa. Ladha inabaki. Na anayemsaidia mnyama kuzaa, au anayeokota mimba iliyotoka, avae glavu.

Kifua kikuu nacho huweza kukaa kwenye pingili za mgongo bila hata kikohozi. Mgongo unaouma usiku zaidi ya mchana, mwili unaokonda, kibyongo kinachoanza kutokeza: nenda hospitali, usije kwangu kwanza. Na siku miguu ikifa ganzi au kulegea, sehemu ya katikati ya mapaja ikakosa hisia, au mkojo ukakushinda kuuzuia au kuutoa, usingoje basi la kesho. Hiyo ni dharura ya saa, na kupooza kunaweza kuwa kwa kudumu.

Ukiondoa hayo, maumivu mengi ya mgongo hayana ugonjwa mbaya nyuma yake, hata kama picha inatisha. Nimeona watu wakilia kwa sababu ripoti ya MRI imesema diski zimechakaa. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za migongo ya watu zaidi ya elfu tatu wasio na maumivu hata kidogo. Katika wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Katika wenye miaka 80, asilimia 96. Diski huchakaa jinsi nywele zinavyoota mvi. Kabla hujauza mbuzi wa kulipia picha, muulize daktari kama jibu la picha litabadilisha matibabu. Mara nyingi halibadilishi.

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno; maumivu ya kiuno ya kila aina yaliwapata watu milioni 619 duniani mwaka 2020. Shirika hilo linapendekeza elimu na mazoezi. Mikanda ya kiunoni, ile inayouzwa kila duka na kuvaliwa chini ya dera mpaka ngozi inachubuka, halipendekezi. Misuli ndiyo ya kufanyishwa kazi, si mkanda.

Kwa mtungi wa lita 20 nina ushauri mdogo. Wanawake wetu huubeba mgongoni kwa kamba inayopita kifuani, tangu wakiwa wasichana. Palipo na uwezo, gawa maji katika mitungi miwili ya lita kumi, mmoja kila mkono, au tumia toroli. Ukinyanyua, usogeze karibu na mwili kwanza. Wanaume wa miraa ninawaambia jambo moja tu: kuegemea kiwiko kimoja kwenye majlisi tangu magharibi hadi usiku wa manane, kisha kukosa usingizi, ni adhabu ambayo mgongo hausahau. Mwenye kushindwa kuacha basi asimame kila nusu saa akazunguke uani.

Jua tunalo la kutosha na kubaki, tuko karibu kabisa na ikweta, na bado ninapokea akina mama wanaoumwa mifupa yote, nyonga, mbavu, miundi ya miguu, wanaotembea wakiyumba na kushindwa kupanda ngazi. Wengine hugundulika kuwa na upungufu wa vitamini D. Ngozi ndiyo inayoitengeneza inapopigwa na jua, na ngozi nyeusi huhitaji muda zaidi. Mama aliyejifunika kama dini inavyomtaka, anayeshinda ndani kwa sababu ya joto, aliyezaa na kunyonyesha mfululizo, mifupa yake inalainika. Wasomali waliohamia Ulaya ya kaskazini wameonekana kuwa na upungufu huu kwa wingi, na watu hushangaa kusikia kwamba hata hapa unawezekana. Ua wa nyumba wenye ukuta au uzio, wakiwa wanawake peke yao, unatosha: mikono na miguu wazi, robo saa hadi nusu saa asubuhi jua likiwa limepanda, siku kadhaa za wiki. Mwenye dalili apimwe, kwani akiwa na upungufu mkubwa jua peke yake halitamfikisha.

Turudi kwenye ule mfuko wa nailoni. Sindano ya diklofenaki hutuliza, hilo sikatai, na kwa siku chache kwa ushauri wa daktari ina nafasi yake. Ikifanywa desturi ya kila Ijumaa, huchimba vidonda tumboni na kuumiza figo, hasa figo za mtu aliyekaukiwa maji. Mwezi wa Ramadhani, kwa joto letu, mzee aliyefunga akameza tembe za dawa hiyo kwa futari na kwa daku bila maji ya kutosha anajiweka hatarini. Na ile tembe ndogo ya ajabu inayoondoa maumivu yote kwa siku moja, ikaleta na hamu ya kula, mara nyingi ni deksamethasoni au prednisoloni. Uso huvimba, sukari na presha hupanda, mifupa hudhoofu. Mtu aliyeitumia kwa miezi asiikate ghafla. Aende nayo kwa daktari amweleze.

Kutembea kwafaa kuliko vyote hivyo. Baada ya alfajiri barabara bado ina ubaridi, na akina mama wawili watatu wakitoka pamoja hakuna anayewashangaa. Dakika kumi kwenda, kumi kurudi, kwa viatu vyenye kisigino cha kushikika badala ya ndara zilizolika upande mmoja. Wiki hadi wiki ongeza.

La mwisho ni la wazee walioacha kwenda msikitini kwa sababu hawawezi tena kuinuka kutoka sijda. Imran bin Husein, sahaba aliyekuwa mgonjwa, aliambiwa na Mtume aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Fiqhi yake kamuulize imamu. Mimi nasemea goti: usikae kitini sala nzima kwa sababu sijda inakushinda. Simama kwenye kisomo, rukuu kadiri uwezavyo, kaa pale tu penye kushindikana, na kila unapoinuka kitini inuka kwa mapaja, bila kusukuma kwa mikono. Kiti kiwe imara, kisicho na magurudumu, cha urefu unaoacha magoti chini kidogo ya nyonga.